Kwa Dada, Chuno: mahali pa kuuona mwisho wa msimu wa besiboli hapa Mtwara

Kwa mtu wa Mtwara mjini anayefuatilia besiboli ya Marekani, mwezi wa tisa hauna pa kwenda pazuri kuliko kibanda cha Dada pale Chuno. Hakina kibao, na mwenyewe hajawahi kukipa jina. Mwambie dereva wa bajaji "kwa Dada, wanakoangalia mpira wa rungu". Wale wanaopaki usiku wanapajua, watakufikisha bila kuuliza mara mbili. Utaona mlango wa bati wa kijani, mabenchi nje, na taa ya sola inayoning'inia juu ya jiko la chapati.

Msimu wa kawaida wa 2025 uliisha Jumapili, Septemba 28, ikafuata hatua ya mtoano. Naandika sasa kwa sababu najua wapo watu hapa mjini, na wengine Lindi na Masasi, wanaoangalia peke yao kwenye simu wakiwa wamepunguza sauti wasiamshe watoto. Mchezo huu ukiuangalia peke yako unapata nusu. Nusu nyingine ni ubishi, na ubishi wa besiboli wenye akili ndani yake, kwa huku Kusini, nimeukuta pale tu.

Mimi ni karani wa ghala la korosho. Septemba kwetu ni mwezi wa maandalizi: wakulima wa Tandahimba na Newala wanapalilia na kuanza kuokota, sisi tunafagia ghala, tunakagua mizani, tunapanga vitabu vya stakabadhi, minada bado. Kwa hiyo msimu wao unakwisha wakati wetu ndio unafunguka, na usiku wa Septemba bado ninao. Novemba malori yakipanga foleni hadi barabarani, hata ningetaka nisingeweza.

Nianze na saa, maana ndizo zinazowakatisha watu tamaa. Mechi za pwani ya mashariki, New York, Boston au Cleveland, zikianza saa 1 jioni yao, huku ni saa 8 usiku. Za pwani ya magharibi, Los Angeles au Seattle, zinaanza kwetu kuanzia saa 10 hadi saa 11 alfajiri. Lakini zile za mchana wao, na Jumapili ziko nyingi, zinaangukia saa 2 usiku kwetu, saa ya heshima kabisa, watu wametoka kuswali isha na chakula kiko mezani. Tena tangu 2023 ligi yao kuu, MLB, imeweka saa ya kumhesabia sekunde mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, 15 kama hakuna mtu kwenye besi, vile vituo vya kukimbilia, na mechi ambazo 2021 zilikuwa zinavuka saa tatu sasa zinakwisha kwenye saa mbili na nusu na dakika chache. Kwa mtu anayekesha Mtwara, nusu saa hiyo ni usingizi halali.

Ukiingia, geuka kushoto uutazame ubao kwanza. Televisheni itasubiri.

Ni ubao mweusi wa shule, umepasuka kona moja na kuzibwa kwa gundi ya mafundi viatu. Dada ameuchora mistari kwa rangi nyeupe ya mafuta, chaki ikifutwa mistari inabaki. Umegawanywa sehemu sita kama ligi yenyewe: American upande mmoja, National upande wa pili, kila upande divisheni tatu za timu tano tano, jumla timu 30. Kila timu ina safu nne. Imeshinda. Imepoteza. Iko nyuma ngapi. Na safu ya mwisho ameiandika neno moja kwa herufi kubwa: BADO.

Safu ya BADO ndiyo iliyonifanya niwe mteja. Msimu una mechi 162. Chukua 163, toa mechi alizoshinda anayeongoza, kisha toa mechi alizopoteza anayemfuata. Anayeongoza ameshinda 90, wa pili amepoteza 68: bado 5. Akishinda yeye, moja inatoka. Akipoteza wa pili, moja inatoka. Siku yakitokea yote mawili zinatoka mbili, na ikifika sifuri divisheni imepata mwenyewe hata kama zimebaki mechi kumi mkononi. Dada hatumii dasta. Analowesha ncha ya kidole kwenye kikombe cha maji, anafuta tarakimu ile moja, anapuliza hadi pakauke, ndipo anaandika mpya. Anafanya hivyo mechi ikiisha, saa yoyote ile, na nimeona watu wazima wakisimama nyuma yake kumwangalia anaandika wakati matokeo wameshayaona kwenye televisheni sekunde ishirini nyuma.

Asubuhi ubao unabaki wazi. Wavuvi wanaotoka Feri na vijana wa bodaboda wanaokuja kunywa chai wanausoma, wanauliza. Hivyo ndivyo kundi letu lilivyokua kutoka meza moja kuwa mbili na benchi la nje. Dada mwenyewe aliupata mchezo kwa kaka yake, aliyekuwa anapika kwenye kambi ya wageni enzi zile za pilikapilika za gesi, wakati Mtwara ilipojaa watu wa meli na mitambo. Kaka alirudi na glovu moja ya ngozi. Imetundikwa ukutani karibu na friji na mtu haruhusiwi kuigusa akiwa na mikono ya mafuta.

Sasa niseme habari yenyewe ya Septemba hiyo, maana huduma ya mahali kama hapa huwezi kuipima bila kusema kilichokuwa kinaangaliwa.

Detroit Tigers walikuwa mbele ya Cleveland Guardians kwa mechi 15 na nusu mwezi wa saba. (Ile nusu inatokana na timu mbili kutolingana idadi ya mechi zilizochezwa. Dada anaieleza kwa mgeni yeyote bila kuchoka.) Guardians wenyewe walikuwa ndio kwanza wametoka kupoteza mechi 10 mfululizo. Kwenye ubao wetu mtu alisema Dada asiwe anapoteza chaki kwa divisheni hiyo. Dada akaendelea kuandika. Septemba ikaingia, Guardians wakashinda mechi 10 mfululizo, na ile safu ya "nyuma" ikaanza kushuka kila usiku: sita, tano, nne. Hakuna timu kwenye historia ya ligi hiyo iliyowahi kutoka nyuma kiasi hicho ikachukua divisheni au ligi.

Tuna mzee mmoja, mstaafu wa bandari, anaipenda Detroit kwa moyo wote. Tunamwita Mzee tu, na kiti chake chenye mto hakikaliwi na mwingine. Usiku wa kuamkia Septemba 24, Tigers walikuwa Cleveland na mrushaji wao alikuwa Tarik Skubal, aliyechukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, mwaka 2024. Detroit wanaongoza 2-0. Kipindi cha 6 kati ya 9, Cleveland wakaanza kuugusa mpira kidogo tu udondoke karibu, bila kuupiga kwa nguvu. Skubal akaukimbilia mmoja, akaokota akiwa amegeuza mgongo, akautupa kupitia katikati ya miguu yake, ukapotea. Muda mfupi baadaye David Fry akainama kujaribu kugusa mpira vilevile, mpira wa kasi ukampata usoni. Skubal alitupa kofia na glovu chini palepale, akashika kichwa. Pale kibandani kila mtu alisimama. Dada alizima jiko. Mzee, ambaye timu yake ndiyo ilikuwa inaporomoka, hakuuliza matokeo tena mpaka Fry alipoondolewa uwanjani akiwa na fahamu, na tuliposikia baadaye kwamba Skubal alimtafuta kumjulia hali, Mzee alisema, "Huyo amelelewa."

Mechi iliisha 5-2, Cleveland. Timu zote mbili zikawa zimeshinda 85 na kupoteza 72. Dada akalowesha kidole.

Ubishi uliofuata ulikwenda hadi alfajiri, na huo ndio ninaowaambia watu waje wausikie. Fundi pikipiki mmoja wa Magomeni alishikilia kwamba Detroit wamejimaliza wenyewe: uongozi ule mkubwa, unatakiwa ushinde nusu tu ya mechi zilizobaki na hakuna wa kukugusa. Muuguzi mmoja, mwanamke anayekuja akitoka zamu ya usiku, akamjibu kwamba hesabu hiyo inamnyima haki aliyekimbiza. "Kaka, mtu ameshinda kumi mfululizo, halafu unasema amepewa?" Mzee alikuwa na maelezo ya tatu, kwamba kwenye mechi 162 mwili ndio unaoamua, na timu iliyoanza kwa kasi mwezi wa nne inalipa mwezi wa tisa. Mimi niko na muuguzi. Nimewaona Guardians usiku baada ya usiku wakishinda mechi kwa tofauti ya mbio moja, mbili, yaani pointi, kwa kukimbia vizuri na kurusha vizuri, na kazi ya namna hiyo haistahili kuandikwa kama makosa ya mwenzako. Jumapili ya mwisho walimaliza 88-74, Detroit 87-75.

Na bado haikuisha. Detroit waliingia mtoano kwa mlango wa timu za nyongeza, zile zenye rekodi nzuri zisizochukua divisheni, wakapangiwa hao hao Cleveland, mechi tatu. Ya kwanza, mchana wao, usiku wetu wa saa 2, Skubal aliwatoa wapigaji 14 kwa straiki, yaani mpigaji akishindwa mipira mitatu anatoka, na wakashinda 2-1. Ya tatu Detroit wakashinda 6-3 na kuwatoa. Mzee alinunulia nyumba nzima chai.

Jumapili ile ya Septemba 28 inastahili aya yake. Siku ya mwisho ligi huanzisha mechi zote karibu kwa wakati mmoja, alasiri yao, ili pasiwe na timu inayocheza huku inajua matokeo ya mwenzake. Kwetu ilikuwa saa 4 usiku. Dada aliazima televisheni ya pili kwa jirani. New York Mets, waliokuwa na rekodi bora kuliko timu zote mwezi wa sita, 45-24, walikuwa Miami wakihitaji ushindi ili wapate nafasi ya mwisho ya mtoano upande wa National. Cincinnati Reds, waliokuwa wanaigombea hiyo hiyo, walikuwa Milwaukee. Reds wakafungwa 4-2, maana yake mlango ulikuwa wazi kwa Mets, na Mets wakafungwa 4-0. Zote mbili 83-79. Tangu 2022 hakuna tena mechi ya ziada ya kuamua, wanaangalia walipokutana wao kwa wao, na Reds walikuwa wamewashinda Mets 4-2 kwenye mechi sita za msimu. Reds wakaingia wakiwa wamepoteza mechi yao ya siku hiyo. Sheria hiyo ilitumika pia kule American: Toronto Blue Jays na New York Yankees wote 94-68, Toronto wakachukua divisheni kwa sababu ya mechi walizokutana.

Pale kibandani palikuwa na kijana mwanafunzi wa chuo mwenye kofia ya Mets. Hakuna aliyemcheka. Mzee alimsogezea korosho, akamwambia, "Kula mwanangu, Aprili haiko mbali." Nimekaa kwenye vibanda vingi vya mpira wa miguu mjini hapa, siku za Simba na Yanga, na huwezi kupata huruma ya namna hiyo kwa aliyefungwa. Hili nalihesabu kama sehemu ya huduma, na ni Dada aliyelijenga. Ana kanuni mbili tu alizozisema wazi: usitukane mchezaji, usimcheke aliyefungwa. Anayezivunja anaombwa akamalizie chai nje.

Kila mgeni anayekuja mwezi wa tisa huuliza swali moja, na ni swali la kwetu. Anauona ubao, anaona Colorado Rockies wameshinda 43 na kupoteza 119. Anauliza: "Hawa wanashuka daraja?" Hawashuki. White Sox wa Chicago mwaka 2024 walipoteza 121, idadi ambayo haijawahi kufikiwa tangu 1900, wakavunja ile 120 ya Mets wa 1962, na mwaka 2025 walikuwepo wakacheza kama kawaida. Timu dhaifu haifukuzwi, inapewa nafasi nzuri ya kuchagua vijana wapya. Mtu wa Mtwara linamgusa jambo hili. Ndanda yetu ilishuka mwisho wa msimu wa 2019/20, na tangu hapo Nangwanda Sijaona haijapata tena zile Jumamosi za Ligi Kuu. Anayetaka kuiona Ligi Kuu hapa Kusini anafunga safari ya Ruangwa, kwa Namungo. Ndiyo maana ubishi wa kushuka daraja kwa Dada unakuwa mkali kuliko hata wa nani atachukua ubingwa. Wapo wanaosema mfumo wa Marekani unalea uzembe. Mimi nasema mji unaobaki na timu yake unabaki na watoto wanaotaka kucheza, na ningependa Mtwara ingekuwa imehurumiwa hivyo. Lakini nakubali upande mwingine: ifikapo Septemba, nusu ya ubao wa Dada haina cha kupigania, na timu hizo unaziangalia kwa ajili ya vijana tu, maana Septemba mosi orodha ya wachezaji inaongezwa kutoka 26 hadi 28 na chipukizi wanapandishwa.

Kuna asubuhi moja ya Septemba hiyo ambayo wengi pale wataikumbuka. Mechi ya Seattle Mariners na Rockies ilianza kwetu saa 11 kasoro, Alhamisi alfajiri. Adhana ilipoanza Dada alizima sauti, kama anavyofanya siku zote, watu wakaenda kuswali na kurudi. Cal Raleigh wa Seattle alikuwa ameshapiga homurani, lile pigo la kuupeleka mpira jukwaani, ya 59 ya msimu kipindi cha kwanza tu. Raleigh ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji mechi nzima, kazi inayovunja magoti, na rekodi ya wadakaji kabla yake ilikuwa 48, ya Salvador Perez, 2021. Tena anaweza kupiga kwa upande wa kulia na wa kushoto, na kati ya wapigaji wa namna hiyo alishampita Mickey Mantle, 54 za mwaka 1961. Kipindi cha 8, jua limetoka, watoto wa shule wanapita na mifuko, vijana wa bodaboda wamejaa kwenye chai, akapiga ya 60. Idadi hiyo wameifikia watu saba tu katika ligi kuu zote za huko: Ruth, Maris, McGwire, Sosa, Bonds, Judge, na sasa yeye. Siku hiyo hiyo Seattle wakachukua divisheni yao, mara ya kwanza tangu 2001. Vijana wa bodaboda hawakujua wanashangilia nini hasa, lakini waliona mpira umepotea jukwaani na watu wamerukaruka, wakapiga honi. Muuguzi alisimama juu ya benchi akawaeleza yote, kuanzia maana ya besi hadi kwa nini mdakaji huchoka. Nilikwenda kazini nikiwa nasikia sauti yake kichwani.

Clayton Kershaw, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, naye alitangaza kustaafu, Septemba 18. Misimu 18, yote Dodgers, Cy Young tatu, na mwezi wa saba 2025 alifikisha wapigaji 3,000 aliowatoa kwa straiki. Kwetu ana jina kwa sababu nyingine pia: yeye na mkewe Ellen wamekuwa wakisaidia watoto yatima Lusaka, na Zambia ni jirani. Alipotoka uwanjani kwenye mechi yake ya mwisho ya msimu wa kawaida pale Los Angeles, dhidi ya Giants, wote pale kibandani tulipiga makofi pamoja na watu wa kule. Na mwezi wa nane tulipiga makofi namna hiyo hiyo kwa Jen Pawol, mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya msimu wa ligi hiyo, Agosti 9, Atlanta. Wanawake siku hiyo tulikaa meza ya mbele.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo mwanamke yeyote atataka kulijua kabla ya kutoka nyumbani saa 7 usiku. Panakalika. Pombe haiuzwi, na anayefika amelewa haingii. Dada ana madereva wa bajaji anaowafahamu kwa miaka, anawapigia yeye mwenyewe, na anakuambia umjulishe ukifika. Mume wangu alikuja mara ya kwanza kupaona, akaridhika, sasa anakuja kwa ajili ya supu.

Supu ni ya pweza. Anampiga mwenyewe jioni, anamchemsha taratibu na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, hadi nyama inakatika kwa kijiko. Inatoka saa 7 usiku na ikifika saa 9 imekwisha, kwa hiyo wa mechi za magharibi msiitegemee. Bakuli ni shilingi 2,500. Chapati 500, laini, zimeshiba mafuta kidogo kuliko ninavyopenda. Chai ya tangawizi 500, na ukiomba asiweke sukari hakushangai. Korosho anakaanga mwenyewe kwa chumvi, anapima kwa kikombe, na kwa mtu wa kazi yangu naweza kusema ni korosho za daraja la kwanza, hazina doa, hazijaungua. Kuna usiku anakuwa na ming'oko, vile viazi pori vya huku Kusini, ya kuchemsha. Ukiikuta, chukua, haikai. Kiingilio ni 1,000, kinachangia intaneti na malipo ya kuangalia ligi, na wanafunzi hawatozwi.

Kasoro zipo na ningependa azirekebishe, maana mahali pazuri namna hii panastahili kuwa pazuri zaidi. Choo ni kimoja na taa yake inazimika yenyewe. Intaneti ikizidiwa picha inaganda, kwa kawaida mpigaji akiwa na straiki mbili, na inaporudi mtu ameshatoka. Umeme ukikatika kuna betri inayobeba televisheni na ruta, lakini feni hazimo, na chumba kikijaa joto linatesa. Mabenchi ya nje hayana egemeo. Mtu wa kipindi cha 11 au 12 ataumwa mgongo. Na sauti: Dada anapenda kuiweka juu, watangazaji wanazungumza Kiingereza cha haraka, na wageni wasiokifuata wanatoka hawajaelewa kitu. Muuguzi akiwepo anatafsiri kwa hiari yake. Ningeshauri Dada apunguze sauti na ampe yule mama kiti cha mbele na supu ya bure, kwa sababu anafanya kazi ya mtangazaji na anaifanya vizuri kuliko wengi wanaolipwa.

Nimejaribu sehemu nyingine mbili tatu mjini, za hadhi kubwa kuliko hii, zenye skrini pana na viyoyozi. Wanakubali kukuwekea besiboli, halafu kipindi cha 7 mtu anaomba marudio ya mpira wa Uingereza na rimoti inabadilika. Kwa Dada rimoti iko mfukoni mwa aproni yake.

Anayetaka kujua kama mchezo huu una watu wetu ndani yake, aulize glovu ile ukutani ilivyoanzisha mazungumzo. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia ligi hiyo, Aprili 2017, akiwa na Pittsburgh Pirates. Watoto wa Uganda walikwenda mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika. Dar es Salaam kuna uwanja wa besiboli pale Shule ya Sekondari Azania uliojengwa kwa msaada wa Japani. Kwa Mtwara bado hatuna uwanja, lakini Jumapili jioni vijana wawili watatu wa kundi hili hupeleka fimbo na mpira wa tenisi ufukweni Shangani, na yeyote anakaribishwa.

Oktoba ratiba ni ya mtoano. Mechi zinakuwa chache na kila moja ina uzito, kwa hiyo chumba kinajaa. Fika nusu saa kabla. Fainali ya 2025, ile World Series, ilianza Ijumaa, Oktoba 24, na kwa saa zetu ilikuwa usiku wa manane wa kuamkia Jumamosi, saa 9 hivi. Dada alisema supu siku hizo ataipika mara mbili, ya pili itoke saa 9. Kiti mpigie mapema, na kile chenye mto usikikalie.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitampa choo kikipata taa.